Mti Uliokuwa Unaharibu Picha

Mama Deus tulimzika Jumamosi iliyopita, Mazwi, hapa Sumbawanga, kwenye tope, maana mvua za Machi huku kwetu haziulizi mtu kama ana msiba. Tulipotoka makaburini tukakaa chini ya turubai tukala wali na maharage, na msemaji wa familia akaanza kuita watu watoe salamu za rambirambi. Mmoja wa waliosimama alikuwa Sabas Kaswaya. Ana tumbo siku hizi, ana koti zuri, anatembea na fimbo ambayo haina kazi yoyote. Alishika kipaza sauti akasema marehemu alikuwa kwake kama mama mzazi, na kwamba mwanawe, Deusdedit, alikuwa kijana wake wa kazi studio, mchapakazi, mcheshi, "aliyetutoka kwa ajali akiwa bado mbichi". Watu wakaitikia kwa kuguna. Mimi nilikuwa nimeshika sahani kwa kiganja na vidole viwili, ndivyo ninavyoshika vitu tangu mwaka ule, na nikasema moyoni kwamba nikifika nyumbani nitaandika. Shule niliishia darasa la saba na kalamu inanitesa mkononi. Lakini neno "ajali" siwezi kuliacha lifukiwe pamoja na yule mama kama vile limethibitishwa.

Nikisema mwaka ule, nasema mwaka ambao kamera za filamu zilianza kufa Sumbawanga. Studio ya Sabas ilikuwa nyuma ya soko, vyumba viwili na kibaraza. Chumba cha mbele kilikuwa na pazia lililochorwa ghorofa na ndege ya abiria, kigoda cha kukalia mteja, kioo chenye ufa, na msumari uliotundikwa koti. Lile koti ndilo lilikuwa roho ya studio. Lilikuwa jeusi, zito, la mitumba, limeshonewa tai shingoni kabisa, na kila aliyekuja kupiga picha ya paspoti alivalishwa hilo hilo, awe mwalimu, awe mkulima wa ulezi, awe mama wa maziwa. Nyuma liliwekewa vibanio vya nguo ili limtoshe mwembamba. Deus alikuwa akilivaa asubuhi kukiwa na baridi, anakunja mikono kifuani na kutembea kibarazani kama padri anayesoma sala zake, huku akiwaambia wapita njia, "Tumsifu Yesu Kristo, paspoti ni hapa." Watu walicheka wakaingia. Mimi kazi yangu ilikuwa kukata picha, kupanga, kuwasha jiko la mkaa na kupika cha mchana. Deus alipiga picha za harusi na komunyo kwa baiskeli, vijijini huko, anarudi usiku amejaa vumbi mpaka kwenye kope.

Chumba cha nyuma zamani kilikuwa cha giza, cha kusafishia filamu, na harufu ya dawa haikutoka hata baada ya Sabas kung'oa mabeseni na kuweka kompyuta. Alikuwa amekwenda Mbeya kujifunza, akarudi na kamera ya kidijitali yenye lenzi ndefu na ile kompyuta imefungwa blanketi kwenye siti ya basi kama mgonjwa. Ukutani juu ya kompyuta alitundika kalenda ya zamani aliyoachiwa na padri mmoja wa Ulaya aliyerudi kwao. Miezi yake ilishapita siku nyingi, lakini Sabas hakuitundikia tarehe. Ilikuwa na picha moja kubwa ya ndege weusi wenye vifua vyeupe, wamejipanga juu ya ukingo wa barafu, na wengine wameshajirusha hewani, wote kwa pamoja, kuelekea majini.

"Hawa ndege au watawa?" Deus aliuliza siku ya kwanza.

"Pengwini," Sabas akasema. "Wanaishi kwenye barafu."

"Wanakula nini kwenye barafu, kaka?"

"Samaki."

"Basi wangekuwa wateja wa mama."

Mama yake alikuwa akileta migebuka mikavu na dagaa kutoka Kasanga na kuwauza sokoni, na mchana alitupitishia waliovunjika vichwa. Tulikuwa tunawaunga na nyanya, ugali kwenye sufuria, tunakula watatu kutoka sahani moja, Sabas naye, mguu wake mmoja ukiwa juu ya kiti cha kompyuta. Nasema hili ili ijulikane kwamba hakuwa mtu mbaya wa kuzaliwa. Alikula na sisi. Alinyoosha kidole chenye mchuzi kwenye kalenda, akatufundisha. "Angalieni walivyoruka wote pamoja. Aliyepiga hakungoja bahati, aliwatengeneza waruke. Halafu akarudi nyumbani akasafisha. Mnadhani barafu ya watu inakuwa safi hivyo? Ndege wote wananya. Picha inapigwa mara mbili, vijana. Mara ya kwanza huko nje, mara ya pili hapa kwenye kiti."

Na kweli alikuwa fundi wa mara ya pili. Mji ulipopata habari kwamba kwa Sabas kovu linaondoka, chunusi zinaondoka, macho mekundu yanakuwa meupe, foleni ilifika barabarani. Tulisimama nyuma yake mimi na Deus, umeme unaotoka Zambia ukiwepo, tukitazama ule mshale mdogo ukipita usoni kwa mtu kama kitambaa cha kufutia. Alikuwa anachukua kipande cha ngozi nzuri ya shavuni anakibandika juu ya mbaya. Kuna familia moja ilileta picha ya harusi, mjomba amelewa, amesimama katikati ya bwana harusi na mzazi, shati limetoka nje. Wakasema, huyu atoke. Sabas alichukua ukuta wa kanisa uliokuwa kando, akaubandika juu ya mjomba kidogo kidogo, mpaka hakukuwa na mjomba, kulikuwa na matofali. Deus alicheka akashika tumbo. "Mjomba kapotezwa bila hata polisi kujua," alisema. Nilicheka na mimi. Naomba msomaji amkumbuke huyo mjomba, maana aliondolewa miezi mingi kabla hatujakwenda maporomoko ya Kalambo, na Sabas hawezi kuniambia leo kwamba alikuwa hajui chombo chake kinaweza nini.

Kipupwe kilipoanza alipita bwana mmoja wa mambo ya utalii, akitafuta picha za kanda yetu kwa ajili ya kalenda. Hakutaka simba. Alisema simba wamejaa kwenye kalenda zote. Sabas akamwambia habari za kongoti wa Kalambo. Kongoti ni yule ndege mkubwa mwenye kipara na mfuko unaoning'inia shingoni, mwili mweusi mgongoni na mweupe tumboni, anayesimama kwenye majalala na machinjio kama mzee anayesubiri pensheni. Watu wanamdharau. Lakini wakati wa kiangazi kongoti wanazaa kwenye magenge ya Kalambo, chini ya maporomoko, kwenye vibaraza vya mwamba ambavyo hata nyani haendi, na wakiruka kutoka pale ukubwa wa mabawa yao unaweza kukunyamazisha. Sabas aliitazama kalenda ya pengwini, akamtazama bwana yule, na nadhani pale pale alishaiona picha. Alichobakiza ilikuwa ni kuwalazimisha ndege, na sisi, tuifuate.

Safari ya kwanza tulikwenda tukarudi na picha za ndege waliokaa. Sabas alizisafisha siku nyingi, akaupa mwamba rangi ya asali, akafuta kinyesi kilichokuwa kimechirizika kutoka kila kibaraza kama chokaa. Bwana wa kalenda alizitazama, akasema, "Wamekaa tu." Sabas hakula na sisi siku hiyo. Alikaa chumba cha nyuma na mlango umefungwa, na alipotoka alisema tunarudi, safari hii watakula kwanza, halafu wataruka.

Tulilala katika kijiji cha mwisho kabla ya maporomoko, kwa mtendaji wa kijiji, Oresto Chipeta. Huyu ni wa pili, baada ya Sabas, ninayetaka ajulikane kwa jina. Mke wake alitupikia kuku na ugali, tukanawa, tukala sebuleni chini ya picha za viongozi, Deus akimsifia mama mwenye nyumba mpaka akaongezewa mchuzi. Baada ya kula mimi na Deus tuliwekewa mkeka katika chumba cha magunia ya mahindi, na ukuta kati yetu na sebule haukufika juu. Deus alikuwa ameshaanza kukoroma. Mimi nilikuwa macho, nikawasikia.

"Nani atashuka?" Chipeta aliuliza.

"Huyu wa Kasanga. Kamba ameizoea tangu mtoto."

"Na mwingine?"

"Zeno ana wajomba wengi, maneno yatakuwa mengi. Huyu ana mama tu, muuza dagaa."

Zeno ni mimi. Halafu Chipeta akasema kuku yule alikuwa wa mayai, ameuliwa kwa heshima ya wageni, na Sabas akasema atakumbukwa. Basi. Hivyo ndivyo mtu alivyochaguliwa, kati ya kijiti cha meno na kuku. Nimeyarudia maneno hayo kichwani miaka yote, na kila mara nafika mahali pale pale. Sikumwamsha Deus kwa sababu nilidhani wanasema habari za kazi.

Asubuhi kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Deus alikuwa amelibeba lile koti la studio, akalivaa na tai yake. "Nakwenda kuwapiga picha za paspoti kongoti," alisema, "lazima mmoja wetu awe amevaa vizuri." Ukingoni mwa genge alitungoja Masanja, Msukuma aliyehamia upande ule na ng'ombe zake, mtu mfupi mwenye mabega ya fahali. Alikuwa amechinja, na Chipeta alimwambia alete matumbo yote yasiyosafishwa kwenye kapu. Kamba ilikuwa ya mtumbwi, ya nailoni, Deus mwenyewe aliiazima Kasanga. Tuliizungusha kwenye mti mmoja uliopinda ukingoni, wenye shina nene na mizizi iliyoukumbatia mwamba, tukashusha kapu la matumbo mpaka kwenye kibaraza kikubwa, likapinduka, kongoti wakaanza kujongea wakiwa wamekunja shingo. Sabas alikwishakwenda kukaa kwenye ulimi wa mwamba uliojitokeza pembeni, bonde linapopinda, mahali ambapo jua la asubuhi lilikuwa linaupiga ule ukuta kwa upande.

Tulipovuta kamba juu ilikuwa imepaka mafuta na damu. Deus aliinusa. "Kamba inanuka supu," alisema. "Tuisugue mchanga kwanza, Zeno. Kwetu ikishika mafuta hivi hakuna anayeingia nayo ziwani." Tukaanza kusugua. Sabas akapiga mluzi kutoka kule, akaonyesha jua kwa kidole. Chipeta akasema, "Bwana mkubwa anasema mwanga unaondoka." Tulikuwa tumesugua ule upande wa kumfunga tu. Deus akajifunga mwenyewe, kiunoni na mapajani, kwa mafundo ya kwao, akaning'iniza debe tupu la mafuta ya kupikia kifuani na rungu dogo mkononi la kuligongea, maana kongoti wale wamezoea ngurumo ya maji, kelele ya mtu wa juu hawaijali. Akageuka, akatuonyesha mgongo wa koti wenye vibanio vya nguo. "Niteremsheni taratibu, washikaji. Hili koti la watu."

Kwa mti alishuka vizuri. Nalisema hili kwa kila anayenisikiliza, kwa sababu ndilo Sabas analiruka akisimulia. Kamba ilikuwa na mafuta, ndiyo, lakini mti uliishika. Ilizunguka shina, ikalia kidogo, tukawa tunaiachia kwa kiganja, Masanja mbele, mimi katikati, Chipeta nyuma. Deus alifika juu kidogo ya kibaraza, akasimama hewani, miguu ikigusa mwamba. Tukafunga. Tukangoja ishara ya Sabas. Badala ya ishara akaja yeye mwenyewe, anakimbia huku ameinama, kamera inampigapiga kifuani.

"Tokeni hapo," alisema. "Mti unaonekana. Unatikisika na kamba, na nyinyi mko hapo kama wauza mkaa. Rudini nyuma, mlale, mshike kwa mikono. Mti unaharibu picha."

Masanja hakusogea. "Bosi, ng'ombe wa kuchinja mimi namfunga mtini. Huyu ni mtoto wa mtu."

"Ni dakika moja tu. Akigonga debe, wakiruka, mnarudisha."

"Bila mti mimi sishiki."

Kutoka chini tukasikia Deus, sauti imejaa kicheko na mwangwi. "Vipi huko juu? Mnakunywa chai?"

Sabas alimtazama Chipeta. Chipeta alikuwa mtendaji, na Masanja alikuwa mhamiaji ambaye ng'ombe zake zililala kwenye ardhi ya kijiji kwa hisani. Chipeta akamwambia Masanja, kwa upole kabisa, "Tutakuja kuzungumza habari za malisho yako." Halafu akafungua kamba kwenye shina kwa mkono wake mwenyewe. Uzito wa Deus ukaja wote mikononi mwetu, tukarudi nyuma tukiburuza visigino, tukalala kwenye majani, Chipeta sasa mbele, mimi katikati, Masanja mwisho na kamba imemzunguka mgongoni. Sabas akakimbia kurudi kwenye mwamba wake.

Debe likalia. Sikuona kitu, nilikuwa nimelala uso kwenye majani, ila nilisikia mabawa. Mlio wake ni kama maturubai mengi yanapigwa na upepo kwa wakati mmoja. Ndege walipita juu yetu wakatia kivuli. Na nadhani mmoja alimgonga, au alijikinga akayumba, maana kamba iliruka kama iliyoshika samaki mkubwa. Chipeta aliachia. Nimesema aliachia, sikusema ilimponyoka, nilikuwa nyuma yake, nikainua kichwa nikamwona akifungua vidole na kujiviringisha pembeni. Kamba ikaanza kupita mikononi mwangu, ile sehemu ambayo hatukuisugua, na nikafunga ngumi na haikusaidia kitu. Ilipita na ngozi, ikapita na nyama. Masanja ilimburuza hadi ukingoni, na kilichomzuia ni mizizi ya ule mti. Aliukumbatia kwa mkono mmoja na kamba ikamwisha mgongoni. Hapakuwa na ukelele. Maji tu.

Wavuvi ndio waliompata, chini kabisa, mto unapokaribia ziwa. Polisi walipokuja kuuliza, Chipeta aliwaambia tulikwenda kutazama maporomoko, kijana akaona mzinga wa nyuki kwenye genge, akashuka kwa tamaa yake. Masanja alisema sivyo. Wiki haikuisha ng'ombe zake zikafukuzwa, akahamia upande wa Kabwe. Mimi nilikuwa hospitali, mikono imefungwa kama mipira, nalishwa uji na muuguzi. Sabas alikuja na machungwa. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akanimenyea. "Zeno, mdogo wangu," alisema, "tuseme asali. Tukisema vingine wote tunaozea ndani, na wewe ulikuwa umeshika kamba." Nilimeza lile chungwa. Nilipoulizwa nilisema nilikuwa nimelala uso chini, sikuona. Nusu yake ilikuwa kweli, na nusu hiyo ndiyo iliyomtosha.

Nilirudi studio kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda na mikono ile. Sikuweza kukata wala kupika, nilikuwa nakaa kwenye kiti cha nyuma naambiwa nipokee wateja. Siku moja mchana Mama Deus aliingia, amefunga kanga ya msiba kiunoni, akakaa kwenye kile kigoda cha wateja mbele ya pazia la ghorofa. Hakuja kugombana. Alisema amepekua nyumba yote hana picha ya mwanawe hata moja. Mwaka mzima Deus aliwapiga watu, hakuna aliyempiga yeye.

"Sabas mwanangu," alisema, "siku ile mlikuwa na kamera. Hata kama amegeuka, hata kama ni kisogo. Nipe tu."

"Kadi iliharibika, mama," Sabas akajibu. "Ililowa. Hakuna kilichotoka."

Mama aliinama akawa anakunja pindo la kanga. Halafu akanigeukia. "Mikono inaendeleaje, Zeno?" Nikasema inaendelea. Akasema, "Aliniaga amevaa koti zuri, sijui alilitoa wapi." Akaondoka.

Kadi haikuwa imelowa. Siku hiyo hiyo Sabas alifunga mlango wa mbele, akawasha kompyuta, hakuniambia nitoke. Nadhani nilikuwa nimeshakuwa kama kigoda. Picha zilipita moja baada ya nyingine. Ndege wanakula, ndege wanainua shingo. Halafu ikaja ile, na hata mimi, Mungu anisamehe kwa kusema hivyo, niliona kwamba ni picha kubwa. Kongoti wote wamejirusha kwa pamoja, mabawa yamefunguka, mwamba umewaka jua kama shaba, ni pengwini wale wale wa kalenda ila hawa wana mbingu. Na katikati yao, juu kidogo, Deus ananing'inia na koti lake jeusi na debe kifuani, kichwa kimerudi nyuma, meno yote nje. Alikuwa anacheka. Kati ya picha ile na iliyofuata ndipo alipoondoka.

Sabas alianza na kamba. Alichukua mwamba wa kando akaubandika juu yake, kutoka juu akishuka. Akaenda kwenye debe. Akaenda kwenye viatu. Akafuta koti, akibakiza kipande cha bega akidhani ni bawa, akagundua, akakifuta. Uso aliuacha mwisho. Alikaa kidogo mkono ukiwa juu ya ile mausi ya kompyuta, na mimi nikapata sauti ambayo nilikuwa sina tangu Kalambo.

"Kaka Sabas. Kama mtu anafutika, kwa nini mti haukufutika? Tungemwacha amefungwa pale, ungekuja kuufuta hapa."

Hakugeuka. Alijibu kama anavyojibu mteja anayeuliza bei, bila hasira.

"Mti una majani mengi, Zeno. Ungenichukua siku nyingi."

Kisha akafuta uso.

Nimekuwa na miaka ya kutosha kulitafakari jibu hilo, na naliona lilivyo kweli kabisa, ndiyo maana linaniuma. Hakudanganya. Alipima kazi. Upande mmoja kulikuwa na matawi ya kusafisha jani kwa jani, upande mwingine kulikuwa na mikono yetu, na mikono yetu ilikuwa rahisi zaidi. Siku zile alinung'unikia koti tu. Ilibidi anunue lingine, na halikuwa zuri kama lile. Wako watu wengi mji huu wenye vitambulisho vya zamani ambao wamevaa koti alilofia Deus, na hawajui.

Lakini kuna kitu alikisahau. Jua la asubuhi lilikuwa linampiga Deus kutoka pembeni, na kivuli chake kililala kwenye mwamba, kushoto kwake, kirefu, kichwa, bega, na mkono ulioinua rungu. Mwamba wenyewe una nyufa na madoa, Sabas alikiona akadhani ni ufa. Mimi nilikiona kabla hajafunga picha. Nikanyamaza. Katika mwaka ule wote hicho ndicho kitu pekee nilichokifanya kwa akili yangu.

Kalenda ilitoka, Sabas akapata jina, akaacha studio akaingia kwenye mambo ya viwanja. Picha kubwa ilichapwa ikatundikwa mapokezi ya gesti moja karibu na stendi, ipo mpaka leo, kioo kimeingia ukungu pembeni. Nilimpeleka Mama Deus pale. Nilimwambia yote njiani, asali, mti, Chipeta, kila jina. Alisimama mbele ya picha akaitafuta muda mrefu, macho yake yalikuwa yameshaanza kufifia, mpaka nikamwongoza mkono. Akaweka kidole juu ya kioo. Akafuata bega, akafuata mkono. "Ndivyo alivyokuwa anainua mkono akiniita kutoka mbali sokoni," alisema. Toka siku hiyo Jumapili akitoka misa alikuwa anapita pale, anakaa kwenye kochi. Wahudumu wapya walimwuliza, bibi, unamsubiri nani? Aliwajibu kwamba hasubiri mtu, anapumzisha miguu.

Siku moja kabla ya kumzika nilikwenda pale gesti na simu ya binti yangu, nikapiga kile kivuli peke yake, nikaipeleka kwenye hizi studio mpya za vioo. Binti wa pale aliiweka kwenye kompyuta, akakunja uso.

"Shikamoo mzee. Hii ni picha ya nini? Naona mwamba tu na doa jeusi. Nikusafishie hili doa?"

"Marahaba. Usiliguse. Chapa kama lilivyo, saizi ya paspoti."

Sasa, Sabas alipokuwa ameshika kipaza sauti Jumamosi, aliongeza jambo moja ambalo sikulisema mwanzoni. Alisema, kwa masikitiko, kwamba bahati mbaya Deusdedit hakuacha hata picha moja, mama wa watu amekwenda bila kuuona tena uso wa mwanawe. Masanja, aliyekuja kwa basi kutoka Kabwe, mzee sasa, mabega yameshuka, alikuwa amekaa kando yangu. Yeye ndiye aliyenisaidia asubuhi hiyo ya maziko, kabla jeneza halijafungwa, maana vidole vyangu havikunji vizuri. Alikifungua kiganja cha marehemu, mimi nikaiweka ile picha ya kivuli ndani, yeye akakifunga.